Baada ya Kusema: Anna O. na Kazi ya Kusikiliza Mjini Bujumbura

Bujumbura kuna kazi ambayo babu zetu hawakuijua kama ajira: kukaa chumbani na mtu aliyeona mauti, kumwacha aseme, kumsikiliza bila kumkatiza, kumpangia siku nyingine, na kupokea mshahara mwisho wa mwezi. Kazi hii ilienea baada ya vita vilivyoanza Oktoba 1993. Ililetwa na mashirika, makanisa na hospitali, na leo ina vyeti, fomu na msamiati wake. Ina nasaba ndefu pia, na ukiipanda nasaba hiyo ngazi kwa ngazi unafika kwa msichana mmoja wa Vienna aliyeugua mwaka 1880, ambaye vitabu vinamwita Anna O. Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba kisa cha msichana huyo kilipoandikwa kilikatwa mwisho wake, na taaluma iliyozaliwa na kisa hicho ikarithi mkato huo pamoja na mema yake. Ndiyo maana tiba ya kusema ilipofika katika mji uliopigwa na vita kama huu, ilijua kumfungua mtu mdomo vizuri zaidi kuliko ilivyojua aende wapi akishamaliza kusema.

Jina la kweli la msichana huyo lilikuwa Bertha Pappenheim, mzaliwa wa 1859 katika familia ya Kiyahudi yenye mali na inayoshika dini. Majira ya joto ya 1880 baba yake aliugua, na Bertha akawa mmoja wa wanaomkesha usiku. Kabla mwaka haujaisha, yeye mwenyewe alikuwa kitandani: kikohozi kisichoeleweka, mkono na mguu wa kulia vimepooza, macho hayaoni sawasawa, maneno yanamtoka vipande vipande. Baba alifariki Aprili 1881 na hali ya binti ikazidi kuwa mbaya. Hata kabla ya kifo hicho ilikuwa imefika mahali Kijerumani, lugha aliyokulia, kikamtoka kinywani kabisa. Akawa anasema Kiingereza tu, tena bila kujua kwamba anasema Kiingereza, akigombana na muuguzi asiyeelewa anachoambiwa, ingawa yeye aliwaelewa wote waliosema naye kwa Kijerumani. Daktari wake, Josef Breuer, alikuwa bingwa wa tiba ya mwili mwenye heshima kubwa mjini. Alimtembelea karibu kila siku, na jioni, mgonjwa akiwa katika hali ya hipnosi, alimwacha asimulie yaliyomo kichwani. Kilichomshangaza Breuer ni kwamba dalili ikisimuliwa hadi chanzo chake, ilitoweka. Mfano maarufu ni wa maji: katika joto la kiangazi Bertha alishindwa kunywa maji kwa majuma kadhaa, akiishi kwa matikiti na matunda. Jioni moja alisimulia kwa hasira na kinyaa jinsi alivyomwona mbwa akinywa katika glasi ya watu na yeye akanyamaza kwa adabu. Alipomaliza kusimulia akaomba maji, akanywa. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeipa njia hiyo jina, tiba ya maneno, na kwa utani akaifananisha na kufagia dohani.

Breuer alikaa na kisa hicho zaidi ya miaka 12 kabla ya kukichapisha, na alikichapisha mwaka 1895 kwa kusukumwa na rafiki yake kijana, Sigmund Freud, katika kitabu walichoandika pamoja kuhusu histeria. Mwaka 1909, Freud alipoalikwa Marekani kuhutubia Chuo Kikuu cha Clark, alianza na kisa hicho hicho na kumpa Breuer sifa ya kuianzisha njia. Tangu hapo Anna O. akawa bibi mzaa taaluma. Walimu walimtaja, wanafunzi walimkariri, na fundisho lililobaki vichwani likawa fupi: alisema, akapona.

Hakupona, angalau si kwa wakati huo wala kwa njia hiyo. Breuer aliandika kwamba matibabu yalikamilika Juni 1882, akaongeza kwa sentensi moja tu kwamba ilimchukua mgonjwa muda kabla ya kurudi katika uzima kamili. Ndani ya sentensi hiyo imejificha kama miaka 6. Tarehe 12 Julai 1882, majuma 5 baada ya tiba iliyokamilika, Bertha alilazwa Bellevue, sanatorio ya familia ya Binswanger huko Kreuzlingen, Uswisi. Alikuwa na maumivu makali ya uso na alikuwa ameshazoea mofini na klorali kiasi cha kutoweza kuziacha. Alitoka huko mwishoni mwa Oktoba, na kati ya 1883 na 1887 alilazwa tena mara 3 katika sanatorio nyingine, Inzersdorf, karibu na Vienna. Hayo yote hayamo katika kisa kilichochapishwa. Yalijulikana baadaye sana. Ernest Jones alilifichua jina lake mwaka 1953 katika wasifu wa Freud, na Henri Ellenberger, mwanahistoria wa tiba ya akili aliyekuwa akifundisha Montreal, akaanza kuchimba. Alikuwa na picha ya Bertha amevaa vazi la kupandia farasi, ya mwaka 1882, mwaka ambao kwa mujibu wa vitabu alipaswa kuwa taabani au ndiyo kwanza anapona. Maabara ya polisi ya Montreal ilisaidia kusoma mhuri uliofifia wa mpiga picha, nao ulikuwa wa mji wa Konstanz, unaopakana na Kreuzlingen. Kwa kuifuata alama hiyo Ellenberger aliipata Bellevue, na huko mafaili yalikuwapo. Alichapisha matokeo mwaka 1972. Mwanahistoria mwingine, Albrecht Hirschmüller, aliongeza hati zaidi miaka michache baadaye. Ule umbea kwamba Bertha alishikwa na mimba ya kufikirika akadai ni ya Breuer umeenea kuliko hati zote hizi, na hauna ushahidi wa wakati ule wa kuusimamisha. Watu hupenda kitanda kuliko faili.

Kilichokatwa hakikuwa kushindwa peke yake. Mwaka 1888 Bertha na mama yake walihamia Frankfurt, na huko mwanamke huyu aliyelala miaka mingi akaanza kuinuka. Aliandika hadithi kwa jina la kiume, mwaka 1899 akatafsiri kwa Kijerumani kitabu cha Mary Wollstonecraft cha kutetea haki za wanawake, akasimamia nyumba ya yatima, na mwaka 1904 akawa mwanzilishi wa umoja wa wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani. Mwaka 1907 alifungua huko Neu-Isenburg nyumba ya wasichana walio hatarini na mama wasio na waume, na kwa miaka mingi alisafiri hadi Ulaya ya mashariki na nchi za Mashariki ya Kati akipambana na biashara ya kuuza wasichana. Alifariki Mei 1936, na mwaka 1954 Ujerumani Magharibi ilimtolea stempu ya posta katika mfululizo wa wafadhili wa binadamu. Kuhusu tiba iliyomfanya maarufu hakuandika neno, na wasichana wa nyumba yake hakuruhusu wafanyiwe uchanganuzi wa nafsi. Sidai kwamba kazi ilimponya. Hakuna hati inayothibitisha jambo la namna hiyo, na muda wenyewe pia huponya. Ninachosema ni kwamba uzima wake, pale unapoonekana kwa macho, unaonekana pamoja na mambo ambayo kisa hakiyataji: mji mpya, ndugu wanaompokea, jina la heshima, na kazi inayogeuza alichoteseka nacho kuwa ujuzi wa kuwasaidia wengine.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kuusoma mkato huu kwa jicho kali, kwa kuwa pwani yetu ina visa vya namna hiyo ambavyo havikukatwa. Mwanamke anaumwa, viungo vinakufa ganzi, anakataa chakula fulani au kinywaji fulani, kisha anaanza kusema kwa lugha isiyo yake, Kiarabu, Kibuki au Kizungu. Mtu wa Tanga au wa Unguja aliyeonyeshwa Bertha akisema Kiingereza bila kujijua asingetafuta kamusi ya histeria. Angeuliza ni pepo gani. Na ajabu ya historia ni kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuieleza tiba ya pepo kwa undani katika jarida la kitaalamu alikuwa mzaliwa wa Vienna: Hans Koritschoner, baadaye Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika. Mwaka 1936, mwaka ule ule Bertha alipofariki, alichapisha London makala kuhusu ngoma ya shetani, akiiita waziwazi tiba ya maradhi ya nafsi. Katika tiba za aina hii kusema kupo, tena ni kiini: mganga humpandisha pepo, humtaka ajitaje, aseme ametoka wapi, amekasirishwa na nini, anataka nini. Lakini kusema ni nusu ya kwanza ya shughuli. Nusu ya pili ni kiti, ngoma, chakula, nguo, waganga na wateja wa zamani waliokusanyika, na mgonjwa kuingizwa chamani. Pepo mara nyingi hatolewi. Anapatanishwa na mgonjwa aliye kiti chake, na mgonjwa hupewa nafasi miongoni mwa wenzake, ambao baadhi yao huishia kuwa waganga. Njia ya Bertha Pappenheim kutoka kitandani hadi uongozini haina mfano katika kisa cha Breuer. Katika ngoma ya pepo ni njia ya kawaida.

Burundi yenyewe ilikuwa na mfano wake bara. Ibada ya kubandwa, iliyomzunguka Kiranga, iliwachukua wanaume kwa wanawake wenye mashaka ya ugonjwa, utasa au misiba, ikawavisha nafsi nyingine. Aliyebandwa alisema kwa sauti ya aliyempanda, akiwa na ruhusa ya kutamka yale ambayo siku za kawaida cheo chake kisingemruhusu, na baada ya hapo alikuwa mmoja wa walioingia. Wamisionari waliipiga vita ibada hiyo tangu walipofika, na kwa kiasi kikubwa walifaulu. Kile walichokileta mahali pake, kitubio cha Kikatoliki, kilikuwa nacho kina umbo kamili zaidi kuliko wengi wanavyokumbuka wanapokiita bibi wa uchanganuzi wa nafsi. Mwenye dhambi husema sirini, ndiyo, lakini haachiwi na maneno yake: hupewa malipizi, huondolewa dhambi, na Jumapili hurudi mezani mbele ya watu wote. Na nje ya dini kabisa palikuwa na ikiriyo, siku za kukaa msibani ambapo majirani hulala, hula na huzungumza na wafiwa, na baadaye kuganduka, hafla ya kuondoa matanga ambapo msemaji wa familia husimama mbele ya watu, huwashukuru, huuliza nani alimdai marehemu na nani alidaiwa naye, na walio hai hupangwa upya katika nafasi zao. Maneno yanayosemwa siku ya kuganduka yana pa kufikia: kuna deni linalofutwa, mrithi anayetambulishwa, mjane ambaye tangu kesho ataonwa kwa namna nyingine.

Vita vya Burundi vilipiga hasa hapo. Mwaka 1972, katika mauaji ambayo makadirio ya waliokufa ni kati ya 100,000 na 300,000, wengi wao Wahutu waliosoma, waliochukuliwa hawakurudi na miili haikuonekana. Waliuawa kwa jina la abamenja, wasaliti, na mfiwa wa msaliti hana matanga. Kulia hadharani kulikuwa ni kujitaja. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa na wanajeshi, Watutsi wakauawa vijijini, jeshi likalipiza, na vita vilivyofuata hadi katikati ya miaka ya 2000 vilichukua watu wapatao 300,000. Bujumbura mitaa iligawanywa kwa damu. Kamenge na Kinama zikawa za upande mmoja, Ngagara, Cibitoke na Musaga za upande mwingine, na mwaka 1995 Kamenge ilivamiwa na jeshi wakazi wakaikimbia. Katika mji wa namna hiyo mtu hakupoteza jamaa tu. Alipoteza wale ambao wangekuja kukaa ikiriyo, kwa kuwa jirani ama alikufa, ama alihama, ama ndiye aliyekuja na panga.

Hapo ndipo tiba ya maneno ilipoingia. Kamenge palikuwa na kituo cha maradhi ya akili na ya neva cha Mabruda wa Charité, ambacho kwa muda mrefu kilibeba peke yake mzigo wa wagonjwa mahututi wa akili wa nchi nzima. Hospitali hiyo ilitibu zaidi wale wenye ibisazi, wazimu unaoonekana, kwa dawa na vitanda. Walioketi majumbani bila usingizi hawakuiona kuwa yao. Kuanzia mwaka 2000, mwaka wa mkataba wa amani wa Arusha, shirika la HealthNet TPO lilianza mpango wa kufundisha washauri wa kisaikolojia wa kuzunguka kwenye jamii, na makanisa, hasa Waquaker, yakaanzisha semina zao za uponyaji. Hawa hawakuwa wafuasi wa Freud, na wengi wao pengine hawakuwahi kumsoma Breuer. Hata hivyo umbo la kazi lilikuwa lile la jioni za Vienna: kuna kidonda ndani, kimefungiwa, kikisemwa mbele ya msikilizaji aliyefunzwa kitapungua.

Je, kilipungua? Ushahidi mmoja wa Burundi unastahili kukaliwa. Mwaka 2014 kundi la watafiti, wakiongozwa na Wietse Tol, lilichapisha jaribio lililofanywa na watoto 329 wa shule, wa umri wa miaka 8 hadi 17, walioathiriwa na vita. Baadhi walipewa vikao 15 vya darasani vya michezo, michoro na kusimulia yaliyowapata. Wengine walisubiri zamu yao, ili makundi yalinganishwe. Kwa ujumla wake, vikao havikuleta tofauti. Ukiishia kwenye jibu hilo utasema fedha zimepotea. Lakini watafiti walitazama ndani ya makundi, na humo wakaona tofauti: waliopewa vikao na waliokuwa wakiishi katika kaya kubwa, au na baba na mama wote wawili, walionyesha nafuu ya sonona na dalili nyingine. Matokeo ya vijikundi ndani ya jaribio hayabebi uzito wa jaribio zima, na mtakwimu makini atanikumbusha hilo. Nakubali. Hata hivyo mwelekeo wake ni ule ule wa historia ya Bertha: maneno yaliyofunguliwa darasani yalifaa pale palipokuwa na nyumba ya kuyapokea jioni.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka si mbali. Katika kambi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz walijaribu na wakimbizi 43 wa Sudan njia yao ya kusimulia maisha kwa mpangilio, tukio baada ya tukio, huku msikilizaji akiandika na kumsomea mwenye kisa. Matokeo yaliyochapishwa 2004 yalikuwa ya kushtua. Baada ya mwaka mmoja, waliobaki na msongo wa baada ya kiwewe walikuwa asilimia 29 tu kati ya waliosimulia, dhidi ya asilimia 79 na 80 katika makundi mawili yaliyopewa ushauri wa kawaida au elimu tu. Kambini hapakuwa na ukoo kamili, wala ngoma, wala kuganduka, na bado kusimulia kulifaa. (Konstanz, ndiyo, mji ule ule wa mhuri wa mpiga picha. Bahati mbaya ya Breuer ilikuwa ng'ambo ya mpaka tu.) Sina nia ya kulikwepa pingamizi hili. Linaonyesha kwamba kusimulia kwa utaratibu kunaweza kupunguza jinamizi na mshtuko hata kwa mtu aliyenyang'anywa kila kitu. Ila kundi hilo hilo la watafiti lilikwenda Nakivale, kusini mwa Uganda, na kufanya jaribio kubwa zaidi, la wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, lililochapishwa 2008. Safari hii wasikilizaji walikuwa wakimbizi wenyewe waliofunzwa. Njia ya kusimulia iliwashinda walioachwa bila tiba, lakini ushauri usio na mpangilio maalumu nao uliwashinda vilevile. Kati ya njia hizo mbili hapakuwa na pengo la maana. Kilichokuwa sawa kwa wote ni kwamba msikilizaji alikuwa mtu wa kambi ile ile, ambaye mgonjwa angekutana naye kesho kwenye foleni ya maji.

Pingamizi la pili ni la kimila, nalo hupendwa sana na wageni: kwamba Mrundi hasemi ya moyoni, kwa hiyo tiba ya maneno haimfai. Hutajwa methali kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni, na mjadala hufungwa hapo. Ethel Albert, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyekaa Burundi kati ya 1955 na 1957, aliandika kinyume chake. Aliona nchi ambamo ufasaha ulikuwa elimu, ambamo watoto wa wakubwa walifundishwa kusema kama wengine wanavyofundishwa kusoma, na ambamo nani aanze, nani angoje, nani ajifanye ameishiwa na maneno, vyote vilikuwa na kanuni. Mrundi alisema sana, ila kila neno lilimtambua anayeambiwa. Mtu wa namna hii ukimweka mbele ya mshauri asiyemjua ukoo, cheo wala mtaa, hujamwondolea kizuizi cha kusema. Umemwondolea sarufi yake. Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, alilipata jambo hili katika Mlima Elgon mwishoni mwa 1925 bila kulitambua vizuri. Alikaa barazani akiuliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga na kwa msaada wa mkalimani habari za ndoto, na mzee mmoja mganga akamjibu kwa uchungu kwamba tangu Waingereza waje ndoto zimekwisha, kwa kuwa sasa mkuu wa wilaya ndiye anayejua kila kitu. Jung alisikia hapo msiba wa dini inayokufa. Hakujiuliza sana kama mgeni aliyefika na askari wa serikali ndiye mtu wa kuambiwa ndoto.

Inabaki lawama kwamba nayapamba ya kale. Ngoma ya pepo ni ghali, na familia maskini huifanya kwa madeni. Waganga wengine hutaja jina la jirani kuwa ndiye mchawi, na hapo tiba ya mmoja inakuwa msiba wa mwingine. Kubandwa kulikuwa na vitisho na siri zake. Kuganduka pia huwapanga wajane na mabinti katika nafasi ambazo wao wasingezichagua. Zaidi ya yote, mila hizi zote zilidhani kwamba jirani yupo na ni jirani. Hazikuundwa kwa ajili ya mtaa ambapo aliyeua na aliyefiwa wanachota maji bomba moja. Ni kweli, na kwa sababu hiyo sipendekezi kuzifufua. Nazitumia kama kipimo cha kile ambacho kisa cha 1895 kilitufundisha kukisahau. Mshauri wa Bujumbura ana faida ambayo mganga hakuwa nayo: hawajibiki kwa ukoo wowote, na mwanamke aliyebakwa anaweza kumwambia yale ambayo mbele ya mama mkwe yangemfukuzisha. Faragha ya Breuer ilikuwa zawadi ya kweli. Kosa lilikuwa kuifanya mwisho wa safari.

Na mji huu haukungoja nadharia ili uligundue hilo. Semina za siku 3 za Waquaker zilizoanza katika miaka ya mwanzo ya 2000 ziliwakalisha pamoja Wahutu 10 na Watutsi 10 wa eneo moja, ili kila anayesema asikilizwe na wale wale atakaorudi kuishi nao. Kamenge kwenyewe, wamisionari Waxaveri walifungua mwanzoni mwa miaka ya 1990 kituo cha vijana cha mitaa ya kaskazini, chenye maktaba, viwanja, muziki na mafunzo, kilichopokea vijana wa kabila zote hata mitaa yao ilipokuwa ikichinjana, na mwaka 2002 kikapewa tuzo ya Right Livelihood. Hapakuwa na kochi wala daftari la mgonjwa. Ungekiita kituo cha michezo na usingekosea sana. Lakini kijana aliyekuwa na la kusema alikuwa na timu, zamu ya maktaba na watu waliomtarajia Alhamisi, na sijui ni kisa gani cha Vienna kingemwandikia dawa bora zaidi.

Jaribio gumu kuliko yote bado linaendelea, nalo halimo mikononi mwa madaktari. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, imekuwa ikichukua ushuhuda na kufukua makaburi ya halaiki. Februari 2020 ilitangaza miili zaidi ya 6,000 katika makaburi 6 ya mkoa wa Karusi, pamoja na nguo, miwani na rozari ambazo baadhi ya wafiwa walizitambua baada ya miaka 48. Wakosoaji wanasema tume inachimba zaidi upande wa 1972 na kuyapita mengine, na kwamba iko karibu mno na serikali. Kwa mada hii kuna swali lililo dogo na la kiutendaji zaidi. Mtu aliyesimama mbele ya karani wa tume akamtaja baba yake aliyechukuliwa mwaka 1972, akaiona miwani yake mezani, amefanya kile Breuer alichokiita tiba. Jamaa waliotawanyika Kigoma, Kigali, Brussels na Buyenzi hapa mjini bado hawajakubaliana ni nani aitishe kuganduka kwake, na ifanyike wapi.